Alama Nyeusi Mwilini: Lini Ungoje, Lini Uende Hospitali

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu na kubaki chini ya sauti.)

MTANGAZAJI: Ikiwa umepata maandishi haya yaliyochapwa, yahifadhi, na umsomee jirani asiyeweza kusoma.

Leo tunazungumzia jambo ambalo kila mmoja wetu amewahi kuliona mwilini mwake. Umejigonga mguu kwenye kitanda, umepiga goti kwenye ngazi, au mzigo umekuangukia mkononi. Ngozi haikuchanika na damu haikutoka nje. Lakini kesho yake unaona alama nyeusi au ya zambarau, na ukiigusa inauma. Alama hiyo huitwa vilio la damu, kwa sababu damu imevilia, yaani imetoka kwenye njia yake na kutuama chini ya ngozi.

Mara nyingi alama hii haina neno. Inakuja, inakaa siku kadhaa, inaondoka. Lakini kuna wakati alama kama hiyo hutangulia kutuambia jambo kubwa. Inaweza kutokana na ajali ndogo. Inaweza kutokana na ugonjwa ulio ndani ya damu. Na inaweza kutokana na kipigo. Tukikosea kutofautisha, mtu anaumia. Mtoto mgonjwa anaachwa bila kupimwa. Mama asiye na hatia anasemwa na majirani kwamba anampiga mwanawe. Na mtu anayepigwa kweli anaambiwa anyamaze, aseme alianguka.

Kwa hiyo leo tutajifunza maswali matatu ya kujiuliza kila tunapoona alama hii. La kwanza: imetoka wapi? La pili: iko sehemu gani ya mwili, na kwa mtu wa umri gani? La tatu: imekuja pamoja na nini?

Nini kinatokea chini ya ngozi

Chini ya ngozi yako kuna mishipa midogo sana ya damu, mingine myembamba kuliko unywele. Ukigongwa, baadhi hupasuka. Damu hutoka na kuingia katika nyama iliyo karibu. Hapo mwili hufanya kazi ya haraka. Ndani ya damu kuna chembe ndogo zinazoitwa chembe sahani. Hizo hukimbilia palipopasuka na kushikamana, kama watu wanaoziba tundu la ukuta. Kisha protini maalumu, nyingi zikitengenezwa na ini, hufunga kazi hiyo kwa kuigandisha damu. Damu huacha kuvuja, na alama haiendelei kukua.

Baada ya hapo mwili huanza kuisafisha damu iliyotuama. Ndiyo maana alama hubadilika rangi. Kwa mtu mwenye ngozi nyeupe, vitabu husema huanza nyekundu, ikawa bluu, kisha kijani na njano. Kwenye ngozi yetu nyeusi mara nyingi hatuoni rangi hizo zote. Tunaona tu mahali pamekuwa peusi zaidi, pa zambarau au pa kahawia. Wakati mwingine hatuoni rangi kabisa, ila tunahisi uvimbe na maumivu. Basi usitumie macho peke yake. Gusa polepole kwa kiganja. Linganisha upande mmoja wa mwili na wa pili. Angalia kwenye mwanga wa jua, usitegemee taa ya chumbani.

Kwa kawaida, vilio la damu huisha ndani ya wiki mbili hivi. La mguuni huweza kuchelewa zaidi kuliko la usoni au la mkononi.

Na jambo moja la kukumbuka: usijaribu kuhesabu siku kwa kutazama rangi. Hata madaktari hawawezi kusema kwa uhakika kwamba alama hii ni ya juzi na ile ni ya wiki iliyopita kwa rangi tu. Wapo watu waliowahi kutuhumiwa kwa makosa kwa sababu ya makisio ya namna hiyo.

Swali la kwanza: imetoka wapi?

Kama unajua ulipojigonga, na ukubwa wa alama unalingana na pigo lenyewe, kwa kawaida unaweza kujitibu nyumbani. Pumzisha sehemu iliyoumia. Weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi, au barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, kwa dakika 10 hadi 20, kisha ondoa, na urudie mara kadhaa kwa siku. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Kama ni mguu, uinue juu ya mto ukilala. Maumivu yakizidi, meza parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Usitumie aspirini, kwa maana aspirini huzuia chembe sahani zisishikamane.

Sasa, wengi wetu tumelelewa tukiona pigo likikandwa kwa maji ya moto papo hapo, au likisuguliwa kwa nguvu kwa mafuta. Katika siku mbili za kwanza, joto na kusugua hufungua mishipa na kuongeza damu inayovuja. Ngoja saa 48 zipite. Baada ya hapo kitambaa cha maji ya uvuguvugu kinasaidia. Na tafadhali, usichanje alama kwa wembe wala usiitoboe ili "kutoa damu mbaya". Hiyo ni damu yako tu iliyopotea njia, na mwili unajua kuirudisha. Wembe unaleta vidonda, pepopunda na maradhi yanayoambukizwa kwa damu.

Ila kuna mapigo ambayo hayatibiwi nyumbani hata kama alama ni ndogo. Hapa Kampala, la kwanza ni ajali ya boda boda. Mtu anaanguka, anasimama, anajipangusa vumbi, anasema niko sawa, anaendelea na safari. Pengine alipigwa tumboni na usukani, na ngozi haina alama yoyote. Lakini wengu au ini limepasuka, na damu inajaa tumboni kimya kimya. Baada ya saa chache anapauka, anatokwa na jasho la baridi, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, tumbo linauma na kuwa gumu, au anahisi maumivu kwenye bega la kushoto ambalo halikuguswa. Huyo ni wa hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.

La pili ni pigo la kichwa. Ikiwa baada ya kuanguka macho yote mawili yamezungukwa na weusi, au kuna weusi nyuma ya sikio, fuvu linaweza kuwa limepasuka. Vivyo hivyo kama mtu anatapika, anasinzia kupita kawaida, anachanganyikiwa, anatokwa na damu au majimaji puani au masikioni. Usimwambie alale kwanza aone asubuhi.

La tatu ni mguu au mkono unaovimba ukawa mgumu kama ubao, wenye maumivu makali kuliko pigo lenyewe, na vidole vinaanza kufa ganzi. Shinikizo la damu iliyonaswa ndani linaweza kuua nyama ya mguu kwa saa chache tu.

Swali la pili: iko wapi, na kwa nani?

Mtoto wa miaka mitatu anayekimbia uani atakuwa na alama kwenye magoti, miguu ya mbele na paji la uso. Hizo ndizo sehemu zinazotangulia kugonga. Si dalili ya malezi mabaya.

Lakini mtoto mchanga asiyetambaa hana namna ya kujigonga mwenyewe. Mtoto wa chini ya miezi minne mwenye alama yoyote ya damu kuvilia lazima aonwe na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo alama kwenye masikio, shingo, kifua, tumbo au mgongo wa mtoto mdogo. Sehemu hizo hazigongwi kirahisi katika michezo. Inawezekana kuna mtu anayemuumiza. Inawezekana pia ni ugonjwa. Kazi yako si kuhukumu. Kazi yako ni kuhakikisha mtoto anapimwa.

Kuna ugonjwa mmoja wa watoto wachanga ambao kila mama anapaswa kuujua. Mtoto huzaliwa na vitamini K kidogo sana mwilini, na bila vitamini hiyo ini haliwezi kutengeneza baadhi ya protini za kugandisha damu. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini K kidogo. Kwa sababu hiyo mtoto anayezaliwa kwenye kituo cha afya hudungwa sindano moja ya vitamini K muda mfupi baada ya kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani au njiani anaweza kuikosa. Halafu, baada ya siku chache au hata wiki kadhaa, anaanza kutoka damu kitovuni, puani au kwenye choo, au alama nyeusi zinatokea bila sababu, na damu inaweza kuvuja ndani ya ubongo. Ikiwa ulijifungulia nyumbani, mpeleke mtoto kituoni haraka, na uulize kwa kulitaja jina: je, mtoto wangu amepata vitamini K?

Upande wa pili, kuna alama ambayo si vilio kabisa. Watoto wetu wengi wa Kiafrika huzaliwa na baka la bluu au kijivu kwenye makalio au chini ya mgongo. Haliumi, halivimbi, halibadiliki rangi wiki hadi wiki. Ni rangi ya ngozi tu, nayo hufifia mtoto anapokua. Ukimwona mtoto wa jirani na baka la namna hiyo, usimwite polisi kwanza. Na wewe mama mwenye mtoto huyo, mwombe mkunga aliandike kwenye kadi ya mtoto tangu mwanzo. Maandishi hayo yatakulinda.

Wazee nao wana yao. Ngozi ya mzee ni nyembamba, na mafuta yaliyokuwa yakiikinga mishipa yamepungua. Mzee anaweza kupata alama mkononi kwa kushikwa tu. Mara nyingi si ugonjwa. Lakini mzee aliyeanguka na kugonga kichwa, hasa anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, apelekwe hospitali hata kama anasema haumwi.

Swali la tatu: imekuja na nini?

Hili ndilo swali linalookoa maisha zaidi. Alama zinazotokea bila kugongwa, nyingi kwa wakati mmoja, au kubwa kupita pigo, zinaonyesha kwamba kazi ya kuziba na kugandisha damu ina kasoro. Wapo watakaokuambia umenyonywa damu usiku na wachawi. Tunaelewa hofu hiyo. Lakini kipimo cha damu kinaweza kukuonyesha sababu yenyewe, na sababu nyingi zina matibabu.

Tazama kama alama zimekuja pamoja na damu ya fizi, damu ya pua isiyokoma kwa dakika 20, damu kwenye mkojo, choo cheusi kama lami, au hedhi inayokulazimu kubadilisha pedi kila saa. Tazama vidoadoa vidogo kama ncha ya sindano. Kwenye ngozi nyeusi vidoadoa hivi huonekana kwa shida, kwa hiyo angalia ndani ya midomo, juu kinywani, upande wa ndani wa kope, viganjani na nyayoni. Bonyeza kwa glasi safi inayopenya mwanga. Vipele vya kawaida hufifia chini ya glasi. Vidoadoa vya damu havifutiki.

Vidoadoa hivyo mara nyingi humaanisha chembe sahani zimepungua. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 150,000 na 400,000 hivi katika tone dogo la maikrolita moja. Zinaweza kupungua baada ya maambukizi ya virusi, kwa sababu kinga ya mwili inazishambulia kwa makosa. Zinaweza kupungua kwa mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi ambaye bado hajaanza dawa. Na zinaweza kupungua kwa saratani ya damu. Mtoto mwenye alama nyingi, anayepauka, mwenye homa za mara kwa mara, maumivu ya mifupa na matezi yaliyovimba, asizungushwe kwa miezi akitibiwa malaria tu. Apimwe damu. Hapa Kampala, juu ya kilima cha Mulago, ipo Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967, na watoto wenye saratani ya damu hutibiwa hapo. Kufika mapema kunabadilisha matokeo.

Sababu nyingine ni ini. Homa ya ini aina ya B na pombe kali kama waragi huliharibu ini polepole, nalo linashindwa kutengeneza protini za kugandisha damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba takriban watu wazima 4 kati ya 100 nchini Uganda wana virusi vya homa ya ini aina ya B. Alama zikija na macho ya njano, tumbo linalojaa maji au kutapika damu, usingoje.

Halafu kuna hemofilia. Huu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, na karibu wagonjwa wote ni wavulana. Mama hubeba chembe za urithi huo, mara nyingi bila kuumwa, na kumrithisha mwanawe. Aina iliyo ya kawaida zaidi humpata mvulana mmoja katika kila 5,000 wanaozaliwa hivi. Mtoto anapoanza kutambaa, anatokea na mavilio makubwa yenye uvimbe. Akitahiriwa, damu inakataa kukoma. Baadaye goti au kiwiko kinavimba, kinakuwa cha moto, anashindwa kutembea, na watu wanasema amevunjika au ametupiwa kitu. Damu ikiendelea kuingia kwenye kiungo mwaka hadi mwaka, mtoto anabaki na ulemavu.

Mama wa mtoto huyu ndiye anayesemwa na mtaa kwamba ana mkono mzito. Kumbe mwanawe amekosa protini moja tu katika damu. Mulago wanahudumiwa wagonjwa wa hemofilia, na dawa ya kurudisha protini hiyo ipo, ingawa ni ya bei kubwa na sehemu yake huja kama msaada kupitia Shirikisho la Dunia la Hemofilia. Ikiwa katika ukoo wa mama kuna mjomba au kaka aliyekufa kwa kutoka damu baada ya tohara au kung'olewa jino, msimtahiri mtoto kabla ya kumpima. Na ikiwa katika ukoo hakuna historia hiyo, bado inawezekana, kwa maana karibu theluthi moja ya wagonjwa ni wa kwanza katika familia zao.

Wanawake pia wana ugonjwa wao wa namna hiyo, unaoitwa von Willebrand, ambao huwapata wanaume na wanawake sawa. Msichana mwenye hedhi nzito tangu mara ya kwanza, anayepata alama kirahisi na kutokwa damu puani, asiambiwe kwamba ndivyo wanawake walivyo. Apimwe.

Je, ni Ebola?

Hapa Kampala swali hili ni la haki. Tarehe 30 Januari 2025 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan, na mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa mhudumu wa afya wa Mulago. Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 26 Aprili mwaka huo huo.

Basi tuseme wazi. Ebola haianzi na alama nyeusi. Huanza na homa, uchovu mkubwa, maumivu ya kichwa na misuli, kisha kutapika na kuhara. Kutoka damu huja baadaye, na si kwa kila mgonjwa. Nayo huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti yake. Mtu mwenye alama mguuni, asiye na homa, na ambaye hakumgusa mgonjwa, usimkimbie wala usimtenge. Lakini ukiona homa pamoja na kutoka damu, hasa wakati mlipuko umetangazwa, usimpakie kwenye teksi wala boda boda. Kaa mbali, usimguse, piga simu ya bure ya Wizara ya Afya, 0800 100 066, na ufuate maelekezo.

Na homa pamoja na shingo ngumu na vidoadoa visivyofifia chini ya glasi inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Hiyo haingoji kesho.

Angalia unachomeza na unachopaka

Kabla ya kuogopa ugonjwa, fungua mfuko wako wa dawa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huuzwa kila duka la dawa, na wengi wetu tunazimeza kila siku kwa mgongo au magoti. Zote hudhoofisha chembe sahani. Athari ya aspirini hudumu karibu wiki nzima baada ya kuacha. Mgonjwa wa moyo aliyebadilishiwa vali na kupewa wafarini yuko kwenye hatari zaidi. Dawa hiyo inamlinda asipate damu iliyoganda, lakini kipimo kikizidi kidogo anavuja damu. Asiiache mwenyewe, asichanganye na dawa za maumivu wala za mitishamba bila kumwambia daktari wake, na asikose siku ya kupima damu.

Na mafuta ya kung'arisha ngozi. Mengi ya hayo yana steroidi kali kama klobetasoli na betamethasoni, hata kama karatasi ya nje haisemi. Ukiyapaka miezi na miaka, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi na mishipa inakosa mahali pa kujishikiza. Ukiguswa tu, damu inavilia. Usiyaache ghafla kama umeyatumia muda mrefu. Nenda kliniki ya ngozi wakusaidie kupunguza.

(Muziki mfupi.)

Ikiwa alama imetokana na kipigo

Msikilizaji, sehemu hii tunaisema polepole. Huenda unatusikiliza ukiwa na watu, na huwezi kuitikia. Sikiliza tu.

Ikiwa alama ulizo nazo zimetokana na mtu anayeishi nawe, hukosi haki kwa sababu mtu huyo ni mumeo, mkeo, mzazi au bosi. Uganda ina Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010. Chini ya sheria hiyo unaweza kupeleka malalamiko polisi, kwa mahakama ya LC ya mtaa wako, au kwa hakimu, ambaye anaweza kutoa amri ya kukulinda.

Anza na matibabu. Mweleze mhudumu wa afya ukweli, hata kama aliyekuumiza amekusindikiza. Omba kuonwa peke yako. Polisi hutoa fomu namba 3, ambayo mhudumu wa afya huijaza akieleza majeraha yako. Fomu hiyo ni ya bure. Alama hufifia, lakini maandishi hubaki. Kwa sababu kwenye ngozi nyeusi alama inaweza isionekane vizuri, sema panapouma hata kama hapaonekani kitu, waandike. Ikiwa umekabwa shingo, nenda hospitali hata kama hakuna alama hata moja. Uvimbe wa ndani ya koo unaweza kuziba pumzi saa nyingi baadaye.

Na kwa mtoto anayeumizwa, simu ya bure ni 116.

Uende wapi, useme nini

Kwa alama isiyo ya dharura, anza kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, kama Kisenyi, Kawaala, Kisugu, Kiswa au Kitebi. Kwa dharura, nenda Mulago, Kiruddu upande wa Makindye, au Naguru. Huduma za kawaida katika vituo vya afya vya serikali hazilipishwi ada. Na wewe uliye mkimbizi kutoka Kongo, Sudan Kusini, Burundi, Somalia au kwingineko, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakupa haki ya huduma za umma. Beba kitambulisho chako. Lakini kwa dharura, usirudi nyumbani kukitafuta.

Ukifika, sema mambo haya kwa ufupi. Alama ilianza lini. Uligongwa au la. Unatokwa damu mahali pengine? Kuna mtu wa ukoo anayetokwa damu hivyo? Unatumia dawa gani, pamoja na za mitishamba na mafuta ya kupaka? Kama Kiganda au Kiingereza kinakupa shida, nenda na mtu mzima unayemwamini akutafsirie. Usimtumie mtoto, hasa kama kuna jambo la kipigo.

Kipimo cha kwanza cha kuomba ni hesabu kamili ya damu. Ni kipimo cha kawaida, na kinaonyesha kama chembe sahani zimepungua na kama umepungukiwa damu. Kikiwa sawa lakini alama zinaendelea, uliza kuhusu kipimo cha muda wa damu kuganda, kwa sababu mgonjwa wa hemofilia anaweza kuwa na chembe sahani za kutosha kabisa na bado anavuja.

Kwa kumalizia

Alama unayoijua ilikotoka, iliyo mahali panapogongwa, isiyokuja na kitu kingine: maji baridi, mapumziko, wiki mbili.

Alama ambayo haijaisha baada ya wiki mbili, au zinazokuja mara kwa mara bila kugongwa: kituo cha afya wiki hii.

Alama kwa mtoto asiyetambaa, alama pamoja na homa, kutoka damu, kupauka au kuzimia, pigo la kichwa au la tumbo, na shingo iliyokabwa: leo, sasa hivi.

Msikilizaji, ukiona alama kwa mwenzako, usianze kwa kumtuhumu wala kwa kucheka. Muulize kwa upole, imetoka wapi? Kisha sikiliza jibu, na kama anahitaji, mshike mkono mwende naye.



(Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho.)